Tanga hadi Moshi kwa baiskeli: uende na nani, na wapi uende peke yako

Swali la msomaji: «Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nina miaka 29. Likizo ya Juni nataka kwenda Tanga kwa baiskeli, na njiani nipande Lushoto. Nimezoea kilomita 60 mpaka 70 kwa siku na milima siiogopi. Shida yangu ni wenzangu. Mwalimu mmoja wa shuleni kwetu, mwanaume anayeshindana mbio za baiskeli, anataka twende wote. Dada yangu, binti wa mama mdogo, naye anataka, ila hajawahi kuvuka kilomita 30. Halafu kuna kaka mmoja wa kundi letu la WhatsApp la waendesha baiskeli, sijawahi kuonana naye, amejitolea kunisindikiza. Mimi moyoni nataka kwenda peke yangu. Mama amesema peke yangu hapana. Nifanyeje?»

Marahaba, mwalimu. Nitaanza na jibu, sababu zifuate.

Geuza safari. Panda basi mpaka Tanga, urudi nyumbani kwa baiskeli. Kutoka Tanga mpaka Mombo endesha peke yako. Dada yako akukute Mombo, mpande wote Lushoto, na kutoka hapo mpaka Moshi muwe pamoja. Mwalimu mwenzako mshukuru kwa moyo wake, lakini safari hii usiende naye. Yule wa WhatsApp mkatalie.

Karibu kila anayeniletea swali hili huliuliza kama mtu anayeulizia ndoa: ama nina mwenzi, ama sina, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Barabara haikulazimishi hivyo. Ina sehemu zenye vijiji kila baada ya muda mfupi, ina sehemu kavu ambako unaendesha saa nzima huoni duka, ina mlima mmoja mkubwa, na kila sehemu inakudai kitu tofauti. Mwenzi achaguliwe kwa kipande cha njia anachofaa. Ukilipima hivyo, utaona hata mama yako na wewe hampingani sana kama mnavyodhani.

Sasa barabara yenyewe. Kutoka Tanga mpaka Moshi ni karibu kilomita 350 za lami, ukiacha ule mchepuko wa Lushoto. Tanga iko usawa wa bahari na Moshi iko zaidi ya mita 800 juu yake. Kwa sababu hiyo wengi huamua kutoka Moshi kushukia pwani, wakidhani wamejirahisishia. Wanasahau upepo. Mwezi Juni masika imekwisha na upepo wa kusi umeshika. Unavuma kutoka kusini-mashariki, na barabara ya kutoka Moshi kwenda Tanga inaelekea huko huko kusini-mashariki. Ukitoka Moshi Juni, upepo utakuwa nao usoni siku baada ya siku, hasa kwenye ule uwanda ulio chini ya milima ya Upare, kati ya Mwanga, Same na Hedaru, ambako miti ya kukukinga ni michache. Mita 800 zikitandazwa kwenye kilomita 350 hazichoshi sana. Upepo wa usoni unachosha kila dakika, na unakatisha tamaa kuliko mlima, kwa sababu mlima unauona kilele chake.

Upepo unahusu moja kwa moja swali lako la mwenzi. Kwenye upepo mkali, mwenzi ni nguvu. Waliopima waendesha baiskeli wanaofuatana kwa karibu wameona kwamba kwa kasi ya kilomita 32 kwa saa, anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake anatumia nguvu pungufu kwa karibu moja ya tano. Ndiyo maana wanamashindano husogeleana na kupokezana nafasi ya mbele. Lakini ili faida hiyo ipatikane, inabidi ukae nyuma yake chini ya mita moja, macho yako kwenye tairi lake, huoni shimo wala jiwe mpaka umelifikia. Wanamashindano wana baiskeli nyepesi na wamejizoeza miaka. Wewe una mizigo kwenye keria na basi la Arusha linakupita pembeni. Usifuatane hivyo na mtu yeyote kwenye barabara kuu, hata awe hodari kiasi gani. Kwa hiyo ukitoka Moshi kwenda Tanga mwezi huo, upepo unawasukuma kubanana mahali ambapo mnapaswa kuachana hatua ishirini hivi. Ukitoka Tanga, upepo huo huo unakusukuma mgongoni, hamhitaji kukingana, na tofauti ya kasi kati ya mwenye mazoezi na asiye nayo inapungua. Dada yako ambaye angelia machozi akielekea Tanga anaweza kabisa kuimudu njia akirudi Moshi.

Kuna faida nyingine ya kugeuza, na wewe mwenye likizo fupi utaithamini. Unaendesha kurudi nyumbani. Ukichoka, ukiugua, baiskeli ikiharibika, kila basi linalopita Korogwe kwenda Arusha linapita kwenu.

Kipande cha kwanza, Tanga mpaka Mombo, ni cha mtu peke yake. Siku ya kwanza lala Muheza, kilomita kama 36 tu. Usione ni kidogo. Siku ya kwanza ndiyo mizigo inapojulikana imefungwa vibaya, ndipo kiti kinapojulikana kiko chini mno, na bado una joto la pwani. Siku ya pili pita Segera, fika Korogwe, kilomita 54 hivi. Siku ya tatu Korogwe mpaka Mombo, kama 42. Njia nzima hiyo kuna watu: machungwa ya Muheza yakiuzwa barabarani, mashamba ya mkonge pande zote mbili (mkonge umekuwa katika eneo hili tangu mwaka 1893), maduka, wanafunzi, bodaboda kwenye kila kijiwe. Ukipata pancha, husubiri muda mrefu kabla mtu hajasimama kukuuliza. Segera usilale. Ni njia panda ya malori na mabasi, kelele usiku kucha, na watu wote ni wapita njia. Mwanamke aliye peke yake analala vizuri zaidi katika mji ambao watu wake wanajuana.

Mpaka Segera magari si mengi sana. Kuanzia Segera unaingia njia ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na hapo ujue saa za mabasi. Yaliyotoka Dar alfajiri na yaliyotoka Arusha alfajiri hupishana maeneo ya Korogwe, Mombo na Same kuelekea mchana, yote yakiwa na haraka. Anza saa kumi na mbili asubuhi panapopambazuka, uwe umemaliza kazi kubwa kufikia saa tano. Nunua kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani. Ukiona mabasi mawili yanakuja, moja mbele na moja nyuma, toka kwenye lami kabla hayajakufikia, usishindane nayo hata kidogo.

Umesema moyoni unataka kwenda peke yako, na hamu hiyo nisingependa uizime. Mtu aliye peke yake huzungumzishwa. Wawili wakikaa kwa mama ntilie wanatazamana wao, wanazungumza wao, wanalipa na kuondoka. Mwanamke mmoja akiegemeza baiskeli yenye mizigo, akaagiza chai na chapati, haitapita dakika tano kabla hajaulizwa ametoka wapi, anakwenda wapi, na je, kwao wanajua. Maswali hayo hayana ubaya. Humo ndimo utaambiwa gesti ipi ni safi na ipi ina baa chini yake, daraja lipi linatengenezwa, na duka la mwisho la maji liko wapi. Halafu kuna jambo la uamuzi. Ukiwa peke yako unaamua mwenyewe kusimama, kula, kulala, kurudi, na baada ya siku tatu unaujua mwili wako na akili yako kuliko ulivyovijua ulipoondoka. Ndiyo sababu nataka siku hizo tatu ziwe mwanzoni, kabla dada yako hajafika. Ukikutana naye Mombo utakuwa mtu anayejua kusema «leo tuishie hapa» bila kusitasita.

Hofu ya mama yako nayo ina msingi, ila nadhani kinachomtisha hasa ni kwamba ukipatwa na jambo hatajua. Wamarekani wawili, Thomas Allen na William Sachtleben, walikuwa wamezunguka dunia kwa baiskeli pamoja miaka ya 1890 mpaka 1893, wakikatiza Uturuki, Uajemi na China. Frank Lenz wa Pittsburgh aliondoka mwaka 1892 kufanya safari kama hiyo peke yake. Alivuka China, Burma, India na Uajemi, nchi ngumu kupindukia kwa mgeni wa wakati ule, na alizivuka salama. Mei 1894, mashariki ya Uturuki karibu na Erzurum, akapotea. Jarida lililokuwa likichapisha habari za safari yake lilimtuma Sachtleben kumtafuta, naye alifika huko mwaka uliofuata. Alikusanya ushahidi kwamba Lenz aliuawa, lakini mwili haukupatikana. Mtu akinitajia Lenz kama sababu ya kutosafiri peke yake, namwomba atazame muda. Mwaka mzima ulipita kabla mtu hajafika mahali alipopotelea. Wewe hutakiwi kuacha hata jioni moja ipite.

Kwa upande mwingine yuko Kazimierz Nowak wa Poland, aliyeanzia Tripoli mwaka 1931 akaikata Afrika mpaka ncha ya kusini, akageuka na kurudi mpaka Algiers mwaka 1936, karibu kilomita 40,000, sehemu kubwa akiwa peke yake, kwa baiskeli na baiskeli iliposhindwa kwa farasi, kwa mtumbwi na kwa miguu. Katika njia zake alipita Uganda, Rwanda na Kongo. Miaka yote hiyo alimwandikia mke wake barua. Malaria ilimtesa mara kwa mara, naye alifariki mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya kurudi. Kwa msafiri wa peke yake katika nchi zetu, homa ni ya kuogopwa kuliko simba na kuliko mwizi, kwa kuwa homa inakuchukua akili kabla hujajua kwamba umeugua. Mwenzi angekutazama usoni akasema leo huendi popote. Ukiwa peke yako weka sharti kabla ya kuondoka: nikisikia baridi kwenye jua, au kichwa kikiniuma na viungo, siku hiyo baiskeli haisogei. Natafuta zahanati nipimwe, na namwambia mhudumu wa gesti kwamba naumwa, aje anigongee mlango jioni. Muheza, Korogwe na Lushoto zina hospitali.

Basi mama mpe hivi. Mwandikie karatasi yenye usiku kila mmoja, mji, jina la gesti na namba ya simu ya mapokezi. Mtumie ujumbe mara tatu kwa siku: unapoondoka, unapopumzika mchana, unapofika. Mkubaliane saa. Mimi ningesema saa kumi jioni ndiyo mwisho wako wa kuwa barabarani. Saa kumi na mbili ikifika bila ujumbe, anapiga gesti. Akikosa, anapiga polisi 112. Mwanzoni ataona karatasi hiyo inamtia hofu zaidi. Baada ya jumbe za siku ya kwanza kufika kwa wakati, atatulia. Na mwambie wazi kwamba kile kipande kikavu cha Upare hutakuwa peke yako. Hapo ndipo mnapokubaliana, wewe na yeye.

Barabarani wenyewe, ukiulizwa kama uko peke yako na aliyeuliza hajakupendeza, sema kwamba mbele kuna mtu anakusubiri. Ni kweli, dada yako anakusubiri Mombo. Mlango wa chumba uujaribu kabla ya kulipa: komeo la ndani lifunge, dirisha lifunge. Baiskeli ilale chumbani, usiiache uani, hata mwenye gesti akiapa. Karibu gesti zote zinakubali ukiomba kwa adabu na ukifuta matairi. Kama kuna hosteli ya masista au ya kanisa mjini, iulizie kwanza, bila kujali dini yako. Ni safi na geti hufungwa mapema.

Sasa mwalimu mwenzako. Simwoni kuwa na nia mbaya. Namkataa kwa hesabu. Mtu wa mashindano, hata akiwa na mizigo, hujikuta anakwenda kilomita 25 kwa saa. Wewe na mizigo yako, kwa siku nzima, ni 16. Kwenye kilomita 64 wewe unatumia saa nne, yeye saa mbili na nusu na dakika chache. Maana yake anakusubiri karibu saa moja na nusu. Atasubiri siku ya kwanza akitabasamu. Siku ya pili atakusubiri, na wewe ukifika tu atainuka, kwa kuwa yeye amepumzika na amechoka kukaa. Kwa hiyo aliye na nguvu ndiye anayepumzika, na asiye nazo ndiye asiyepumzika kamwe. Nimeona urafiki ukiharibika kwa namna hiyo bila mtu yeyote kusema neno baya. Mwanamashindano anaweza kufundishwa kukaa nyuma, na wapo wachache wanaoweza kweli, lakini kwao ni adhabu, na likizo yake nayo ina thamani.

Jambo lingine juu yake wewe mwenyewe utalipima. Mwanaume na mwanamke wakifika pamoja kijijini, watu huzungumza na mwanaume. Wewe utasalimiwa, utapewa kiti, basi. Mazungumzo yale niliyoyasema ya kwa mama ntilie yatahama upande wake hata kama wewe ndiwe uliyepanga safari. Na suala la vyumba viwili, gharama yake na maneno ya watu yatakayowafuata mpaka ofisi ya walimu, ni mambo ya kuzungumzwa waziwazi kabla, wala si saa moja usiku mkiwa mapokezi mmechoka.

Wa WhatsApp sitamrefushia. Mtu usiyewahi kuonana naye msikutane kwa mara ya kwanza kwenye safari ya kulala nje. Kama ni mwema hatakasirika. Mwalike siku ya Jumapili asubuhi kwenye mzunguko wa watu watano sita, mchana kweupe, kutoka stendi na kurudi stendi. Mtazame anavyowatendea walio nyuma, anavyoongea na madereva, na kama ana pampu yake. Huenda mwakani akawa mwenzi mzuri. Lakini neno «nitakusindikiza» kutoka kwa mgeni, kwa mwanamke ambaye hakuomba kusindikizwa, mimi hunifanya nisimame kwanza.

Njia ya tatu ni kundi kubwa lenye gari la mizigo, kama ile safari ya Cairo mpaka Cape Town iliyoanza mwaka 2003 na ambayo katika nchi yetu hupitia Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya. Humo unabebewa mzigo, unapikiwa, fundi yupo. Gharama ni kubwa na ratiba ni ya kundi. Kwa siku tisa za Tanga na Upare huihitaji.

Nimebakiza dada yako, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa yeye ndiye mwenzi wako halisi. Mpaka sasa hajavuka kilomita 30, lakini ana kitu ambacho mwanamashindano hana: mnajuana tangu utotoni, mnaweza kunyamaziana bila kununiana, mnaweza kulala chumba kimoja na kugawana gharama, na akikwambia «nimechoka» hutalichukua kama shutuma. Kasi inafundishika ndani ya wiki sita. Tabia haifundishiki ndani ya muda huo.

Kabla ya Juni fanyeni jaribio moja la kulala nje. Jumamosi endesheni Moshi mpaka Mwanga, kama kilomita 55, na mizigo ile ile mtakayokwenda nayo, mlale, mrudi Jumapili. Kwenda mtakuwa mnaukabili upepo na kurudi utawasukuma, kwa hiyo atayaonja yote mawili. Mtazame akiwa amebakiza kilomita kumi. Akinyamaza kisha akala na kucheka baada ya chai, mko salama. Akianza kukulaumu kwa kumleta, heri ulijue Mwanga kuliko ulijue Makanya, kwenye kile kipande kikavu kati ya Hedaru na Same. Naye akutazame wewe kwa jicho hilo hilo. Unayetaka kwenda peke yako moyoni unaweza kuwa mkali kwa mtu anayekuchelewesha, na ana haki ya kujua mapema.

Mzungumze mambo manne matano ambayo watu huona aibu kuyataja. Fedha: wekeni mfuko mmoja, kila mtu atie kiasi sawa kila asubuhi, chakula na chumba vitoke humo, soda na mikate ya njiani kila mtu na yake. Sala: kama mmoja wenu anasali, vituo vya mchana vipangwe kwa saa za sala badala ya kumfanya aombe ruhusa kila siku. Muziki: spika kwenye usukani iwe ndiyo au hapana kwa wote wawili, na kwa barabara ya mabasi mimi nasema hapana, masikio yako ni ya kusikilia lori. Picha: asubuhi pigeni mnavyotaka, baada ya saa nne jua linadai kilomita. Na nani anakaa mbele. Mwenye kasi ndogo ndiye akae mbele, kila siku. Akikaa nyuma atajisukuma kupita uwezo wake ili asiachwe, nawe hutajua mpaka aishiwe kabisa.

Mlima wa Lushoto ni tofauti. Kutoka Mombo ni kilomita kama 33, unaanza kwenye mita 400 hivi na kumalizia karibu 1,400. Huo kila mtu aupande kwa pumzi yake. Kukaa sambamba mlimani ni kuumizana, kwa sababu kila mguu una mwendo wake. Kubalianeni mkutane Soni, kwenye maporomoko, mle, kisha muendelee kila mtu kivyake mpaka Lushoto. Na kwa kuwa mtashuka kwa njia ile ile, mizigo mizito iacheni gesti Mombo, mpande na nguo za baridi, maji na vifaa vya pancha tu. Juni Lushoto usiku ni baridi kweli kweli kwa mtu aliyetoka Tanga. Kama dada yako hataki kuupanda, apande gari dogo na baiskeli yake juu, mkutane huko, na asione aibu. Mnaposhuka, kagueni vipira vya breki kabla, na mpumzike Soni rimu zipoe.

Kisha Mombo mpaka Hedaru, karibu kilomita 60, na Hedaru mpaka Same, karibu 50. Hiki ndicho kipande ninachokitakia mwenzi. Nchi ni kavu, vijiji vimeachana, jua ni kali, na kama mmoja ameishiwa maji au anaona kizunguzungu, wa pili anasimamisha gari. Bebeni lita nne kila mmoja kutoka Mombo. Baada ya Same siku mbili fupi zimebaki, mkilala Mwanga ambako tayari mnapajua.

Baiskeli zenu mbili nazo zifanane kadiri inavyowezekana. Rimu zikiwa saizi moja na valvu za aina moja, mnabeba tyubu mbili badala ya nne, pampu moja, seti moja ya funguo. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: tairi la «28» analouza fundi wa kijijini kwa baiskeli za kawaida za mizigo lina kipenyo cha milimita 635 pale linapokaa kwenye rimu, na baiskeli nyingi za kisasa zinazoandikwa 28 au 700 ni milimita 622. Halitakaa. Namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi, isomeni kabla ya kuondoka. Ikiwa baiskeli zenu ni za 622, bebeni tairi moja la akiba la kukunja, kwa ajili ya wote wawili. Lakini katika siku tatu zako za peke yako kila kitu kiwe kwako: pampu, solusheni na viraka, tyubu mbili, kikatio cha mnyororo. Na uwe umeziba pancha mwenyewe nyumbani, gurudumu la nyuma, mikono ikiwa na grisi.

Kwenye basi la kwenda Tanga, kubaliana bei ya baiskeli na konda kabla hujapanda, ondoa pedeli, geuza usukani, na usimame hapo mpaka uione imewekwa kwenye buti juu ya mizigo, si chini yake. Dada yako afanye vivyo hivyo akija Mombo.

Na ikitokea asubuhi ile dada yako akakupigia kwamba haji tena, panda Lushoto peke yako, ushuke, kisha Mombo mpaka Same panda basi. Ni saa chache tu. Kutoka Same endesha mwenyewe mpaka Moshi, na mama apate ujumbe wake kama kawaida.